Meza ya Mbele kwa Nyumba ya Birindwa

Miaka miwili ilikuwa imepita, na Maman Honorine alikuwa bado hajasahau jinsi shemeji yake Muhigirwa alivyokaukiwa na maneno mbele ya watu mia mbili.

Ilikuwa siku ya kupokea mahari ya binti yake Antoinette, pale Kamembe, chini ya mahema mawili meupe. Wageni walitoka Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga karibu na mpaka wa Ruhwa, na msemaji wao alikuwa baba wa bwana arusi mwenyewe, Mzee Harelimana, ambaye hakutaka kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Siku kama hiyo kila upande huwa na msemaji wake. Wasemaji wanasimama, wanarushiana maneno kwa heshima na kwa ukali, watu wanashika mbavu, na nyumba itakayoishiwa maneno ndiyo inayochekwa hadi mavuno mengine.

Birindwa angekuwa hai, mambo yangekuwa mengine. Huyo marehemu mume wa Maman Honorine alikuwa deklaranti, mtu wa kuandika karatasi za mizigo kwenye daraja la Rusizi II, na kwa miaka thelathini alikuwa amewasemesha askari, madereva na wafanyabiashara wa pande zote mbili mpaka wanasahau walichokuwa wanagombania. Lakini Birindwa alikuwa ameshazikwa miaka minne. Aliyebaki kusema alikuwa mdogo wake Muhigirwa, fundi wa saa, mwenye mikono ya dhahabu na ulimi wa mbao. Alisimama, akasema, "Karibuni." Akakohoa. Akasema tena, "Karibuni." Kisha akaketi.

Mzee Harelimana alingoja kidogo. Alitazama paa la hema, akatazama kofia yake, akasema kwa sauti ya upole: "Tumeomba msichana, tumepewa. Tumeomba jibu, tunaambiwa karibuni. Basi sisi tutachukua msichana. Jibu mtatuletea siku nyingine."

Mahema yote mawili yalicheka. Tangu siku hiyo, sokoni Kamembe, watu walisema kwamba nyumba ya Birindwa imebaki bila mdomo. Hakuna aliyemwambia Maman Honorine usoni. Alikuwa direktrisi, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tisa, na nusu ya wauza vitenge wa soko lile walikuwa wamesimama pembeni ya ubao kwa amri yake. Lakini alijua. Alijua kwa jinsi wanawake wa kanisani walivyoanza kumhurumia.

Sasa zamu ya kukaribisha ilikuwa yake. Krismasi iliyopita Mzee Harelimana alimwalika Bugarama na kumchinjia mbuzi, na mwaka usingeisha bila yeye kurudisha heshima hiyo. Kila alipofikiria wageni wale sebuleni kwake, aliona picha ileile: chakula kimekwisha, Harelimana anasimama kutoa shukrani, anamaliza kwa neno lenye pilipili, kisha anageuka kumtazama Muhigirwa na kungoja.

Ni Antoinette aliyeleta wazo. Alikuja siku ya Jumapili na mtoto mgongoni, akaketi jikoni.

"Maman, ile hoteli ya juu ya ziwa inafanya suare ya komedi. Bantu banakula, banacheka."

"Banacheka nini?"

"Muntu mumoja anasimama na mikro, anasema, bengine banacheka."

"Na analipwa?"

"Analipwa, Maman."

"Papa yako alifanya ile kazi miaka makumi tatu ku daraja," alisema Maman Honorine, "na hakuna mwenye alimulipa." Akaendelea kuchambua maharage. Kisha mikono yake ikasimama. "Huyo muntu wa mikro, anasema muda gani?"

"Saa mbili nzima."

"Na bageni, banaweza kusimama kutoa diskuru ya asante?"

"Nafasi bataipata wapi?"

Maman Honorine aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasema, "Mwambie bwana yako, Jumamosi ya tarehe kumi na tano, babake na mamake ni wageni wangu." Alikubali haraka mno, hata Antoinette akamtazama mara mbili.

Alilishughulikia jambo lile kama alivyokuwa akishughulikia mtihani wa mwisho wa mwaka. Kesho yake alipanda taksi-moto, ameketi upande mmoja kama inavyompasa mama wa umri wake, akateremka mbele ya hoteli na kuomba kuona ukumbi. Ukumbi ulikuwa mzuri, dirisha lake kubwa lilitazama maji ya Kivu na vilima vya Bukavu ng'ambo. Siku hiyo kulikuwa na semina, na watu wameketi kwenye meza ndefu ndefu. Maman Honorine aliipenda meza ndefu. Alikuwa na sababu.

Katika watu wake, mama mkwe na mkwe wake hawali wakitazamana. Wanaheshimiana, wanasaidiana, wanaulizana habari ya mtoto, lakini kinywa cha mama mkwe kikitafuna si kitu cha kuonwa na mume wa binti yake, na mkwe naye vivyo hivyo. Kamali, mume wa Antoinette, alikuwa kijana wa Bugarama lakini alilelewa vizuri. Kwa miaka miwili hakuwahi kumwona mama mkwe wake akimeza hata njugu. Kwenye meza ndefu jambo hilo ni rahisi: yeye mwisho huu, Kamali mwisho ule, upande mmoja, na katikati yao kifua kipana cha Muhigirwa.

Msimamizi wa ukumbi, binti mpole aitwaye Mukandayisenga, alimwonyesha nafasi zilizobaki.

"Maman, kuna meza mbili tu. Moja ni ya mbele kabisa, nyingine ni hii, karibu na mlango wa jikoni."

"Mlango wa jikoni hapana. Nyumba ya Birindwa haikai ku moshi."

"Lakini nikuambie ukweli, Maman. Meza ya mbele msanii huwa anaichokoza."

"Anachokoza bantu gani?"

"Mwenye kuchelewa. Mwenye kuvaa vibaya. Mwenye kulewa mapema."

"Basi sisi hatumo," alisema Maman Honorine, na akaandikisha meza ya mbele, watu sita.

Wiki mbili zilizofuata hazikuwa na mapumziko. Alichora meza ndefu kwenye daftari la mistari ya miraba na kuandika majina, akayafuta, akayaandika tena. Alitoa sandukuni koti la kijivu la marehemu, alilokuwa akilivaa siku za ukaguzi mpakani, akamvalisha Muhigirwa na kuzunguka mara tatu akimtazama.

"Shemeji, hii koti inanibana," alisema Muhigirwa.

"Inakubana juu ya tumbo, haikubani juu ya mabega. Mabega ni ya Birindwa kabisa. Kaa wima. Na kule, cheka. Usikae kama muntu ya tribunali."

Muhigirwa alicheka kwa kujaribu.

"Hapana. Meno yabaki ndani."

"Shemeji," alisema Muhigirwa polepole, "kama mzee atasimama aniulize neno?"

"Hatasimama. Ndiyo sababu tunaenda kule."

Alimwambia hivyo huku akipiga burashi kola ya koti, na Muhigirwa alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumamosi ilipofika, saa kumi alasiri, Maman Honorine aliandaa chakula. Antoinette alishangaa kukuta mezani bugali moto, dagaa sambaza wa kukaanga na bakuli la sombe ya majani ya muhogo.

"Maman, tunaenda kula."

"Ndiyo maana munakula sasa. Tangu lini batoto ya hii nyumba banaenda kwa bantu na njaa? Utafikia ile sahani ya hoteli kama muntu mwenye ametoka mu safari ya miguu? Unaonja kidogo, unaacha kidogo, unafuta mdomo. Kaa."

Hivyo ndivyo alivyolelewa na mama yake kule Bukavu. Mtoto wa watu hulishwa nyumbani kabla ya kwenda ugenini, ili macho yake yasikimbilie vyombo vya wengine. Walikula wote: Antoinette, Muhigirwa, hata Kamali, ambaye alihudumiwa peke yake barazani, kwa heshima. Yeye Maman Honorine hakupata nafasi. Kifungo cha koti la kijivu kilikatika, akakishona. Mtoto alihitaji kupelekwa kwa jirani. Na kilemba chake kilikataa kukaa mara nne. Walipofunga mlango alikuwa hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, na wala hakukumbuka.

Mzee Harelimana na mkewe Nyirabagenzi walikuwa wameshafika hotelini. Mzee alivaa kofia yake ileile ya siku ya mahari. Walisalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za mpunga, za mvua na za mtoto, kisha Mukandayisenga akawatangulia ndani.

Maman Honorine alisimama mlangoni. Meza ndefu hazikuwepo. Ukumbi wote ulikuwa umepangwa meza za duara, na meza yao, mbele kabisa, chini ya taa, ilikuwa duara kama sinia.

"Meza ndefu ziko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zile ni za semina, Maman. Za suare ni hizi."

Hakukuwa na la kufanya. Daftari la miraba lilibaki kwenye mkoba. Popote alipoketi, Kamali alikuwa mbele ya macho yake, na Kamali, maskini, tayari alikuwa ameanza kuitazama dari.

Sahani zikaletwa: brosheti za mbuzi kwenye vijiti, ndizi za kukaanga, wali, na samaki wa Kivu mzima mwenye macho. Maman Honorine alisema karibuni, wote wakasema asante, na hakuna aliyenyoosha mkono. Yeye hakuweza kwa ajili ya Kamali, Kamali hakuweza kwa ajili yake. Antoinette na Muhigirwa walikuwa wameshiba bugali mpaka shingoni. Akageukia wageni.

"Maman Nyirabagenzi, chakula hakikupendeza?"

Nyirabagenzi alimwinamia na kunong'ona kwa aibu. "Kinapendeza sana. Lakini mzee alisema hatuwezi kwenda kwa bakwe zetu na njaa kama bantu ya kambi. Tulikula wali nyumbani kabla ya kutoka."

Kwa hiyo watu sita waliketi kuzunguka chakula cha watu kumi, mikono mapajani, wakitabasamu.

Msanii alipanda. Aliitwa Mirindi, kijana mwembamba wa Bukavu, suruali imembana, viatu vyeupe, mwenye macho yanayozunguka ukumbi kama ya karani anayetafuta kosa. Alianza na brosheti.

"Brosheti ya hapa Kamembe, nyama inne, bitunguu kumi na mbili. Nikauliza mupishi: huyu mbuzi, alikuwa mbuzi ama alikuwa mulimaji wa bitunguu?"

Ukumbi ulicheka. Akaendelea na mama mwenye nyumba wake, ambaye sombe yake ina maji mengi hata samaki akiwekwa humo anafufuka. Kisha akaja kwa shangazi yake. "Tantine wangu, ukipiga hodi, nyama inakimbilia chini ya kitanda. Siku moja nikiwa mulangoni nikamusikia anaiambia: nyamaza, ataondoka."

Hapo hata Mzee Harelimana alicheka hadi kofia ikateleza. Muhigirwa alicheka meno yakiwa ndani, kama alivyofundishwa. Maman Honorine alianza kupumua. Mambo yalikuwa yakienda kama alivyopanga: mwingine anasema, wao wanasikiliza.

Kisha macho ya Mirindi yakashuka kwenye meza ya mbele, yakakaa pale.

"Ngoja kwanza," alisema kwenye mikro. "Hii meza iko na shida. Angalieni, bandugu. Samaki mzima. Brosheti mzima. Bantu sita, na hakuna mwenye anagusa. Munangoja padri? Hii ni suare ama ni kilio? Nani amekufa?"

Watu walicheka kwa nguvu, wengine wakasimama ili waone. Mirindi alisogea hadi ukingoni mwa jukwaa.

"Papa wa koti ya kijivu, tuambie. Nani amekufa?"

Papa wa koti ya kijivu alikuwa Muhigirwa. Jasho lilimtoka papo hapo. Aliinuka nusu, akafungua mdomo, na Maman Honorine, aliyekuwa ameketi karibu naye, aliona neno "Karibuni" likijiandaa kutoka. Ng'ambo ya meza Mzee Harelimana aliacha kucheka. Aliweka mikono yote miwili magotini. Yeye angeweza kumjibu kijana yule akiwa usingizini, lakini mgeni hasemei meza ya mwenyeji. Alitulia, akangoja, kama alivyongoja chini ya hema.

Maman Honorine alishika mkono wa koti. Kitambaa kilikuwa kilekile, kigumu kidogo kwenye kiwiko, alichokipiga pasi miaka mingi. Alimvuta shemeji yake taratibu mpaka akaketi. Kisha akasimama yeye.

Hakuharakisha. Alinyoosha kitenge chake, akangoja. Alikuwa amengoja madarasa ya watoto sitini yanyamaze, na ukumbi huu haukuwa na watu wengi zaidi ya madarasa matatu. Kicheko kilipungua, kikaisha.

"Mtoto yangu," alisema, "jina yako nani?"

"Mirindi, Maman."

"Mirindi wa nani?"

"Wa Mukengere, Maman. Wa Kadutu." Tayari alikuwa ameshusha mikro kidogo na kuunganisha miguu.

"Mirindi wa Mukengere, umekula leo?"

Kijana alitazama pembeni. "Bado, Maman. Siye tunakula kazi ikiisha."

"Ile nimeiona. Nimekusikiliza vizuri, niko mwalimu, kazi yangu ni kusikiliza. Umesema mambo ine tangu upande pale juu. Ya kwanza, brosheti. Ya pili, sombe. Ya tatu, nyama ya tantine. Ya ine, samaki yetu. Ile haiko komedi, mtoto yangu. Ile ni njaa iko na mikro."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu walipiga meza, wapishi walitoka jikoni na miiko yao, Mukandayisenga alijificha uso kwa sinia. Maman Honorine hakutabasamu. Aliinua kiganja kidogo tu, na wakanyamaza tena.

"Unauliza nani amekufa. Mwenye alikufa ni bwana yangu, Birindwa wa ku daraja, kuna myaka sita. Yeye angekujibu vizuri kunipita. Sisi hatugusi chakula juu tulikula kwetu, na bageni yetu balikula kwabo, kila mumoja aliogopa kumuletea mwenzake njaa. Hii ndiyo adabu ya bantu bakubwa, utaijifunza ukioa. Sasa kuja. Kamata sahani yangu. Kula, unywe maji, uanze tena. Utaona maneno yatapata mafuta."

Naye akaitwaa sahani yake, akaipeleka mpaka ukingoni mwa jukwaa kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mtu chakula. Mirindi aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Alitafuna brosheti moja mbele ya watu wote, akafumba macho, akaikaribia mikro.

"Bandugu," alisema mdomo ukiwa umejaa, "miye nimekuja kuchekesha, nimepata mama. Kesho munitafutie kazi ingine."

Walimpigia makofi yeye na Maman Honorine kwa pamoja, na makofi hayo yalikuwa bado hayajaisha aliporudi kuketi.

Mzee Harelimana alisimama. Hilo ndilo alilokuwa ameliogopa wiki mbili nzima, na sasa hakuliogopa. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani.

"Mama mkwe wa mwanangu," alisema, si kwa sauti kubwa, lakini meza za jirani zote zilisikia. "Siku ile chini ya hema niliomba jibu. Nikalingoja upande wa wanaume, nikaona kimya, nikarudi Bugarama nikisema nyumba hii haina mdomo. Nilitafuta mahali pasipo pake. Jibu limefika leo, limepikwa likaiva. Nimeshiba." Akapiga makofi matatu ya polepole, kama wanavyopiga wazee wa kwao, na akaketi. Kisha akaongeza, akijifanya kama anaongea na kofia yake: "Mwezi wa nane ninamwoza dada mdogo wa Kamali. Msemaji wa wale watu nasikia ni mkali. Ningependa muntu wa kukaa nyuma yangu, aninong'oneze."

"Nitaangalia kalenda yangu, Mzee," alisema Maman Honorine.

Muhigirwa alicheka. Alisahau mafundisho yote, akacheka kwa sauti, meno yote nje, na koti la kijivu likakatika kifungo tena.

Hapo ndipo Maman Honorine aliposikia tumbo lake. Lilinguruma kama lori linalopanda kutoka Rusizi, na alikumbuka kwa mara ya kwanza kwamba katika wote waliokula nyumbani saa kumi, yeye hakuwemo. Alitazama mahali sahani yake ilipokuwa. Jukwaani Mirindi alikuwa akimalizia ndizi ya mwisho.

Kamali alikuwa amesikia. Alishika kiti chake, akakigeuza taratibu mpaka mgongo wake ukawa umeielekea meza, akaanza kutazama taa za Bukavu kupitia dirishani kana kwamba anazihesabu. Kisha, bila kugeuza kichwa, alirudisha mkono nyuma na kuisukuma sahani yake, brosheti tatu hazijaguswa, mpaka ikafika mbele ya mama mkwe wake.

"Kamali," alisema Maman Honorine.

"Maman."

"Taa ni ngapi?"

"Ziko nyingi, Maman. Nitachukua muda."

"Usikosee hesabu," alisema, na akachukua brosheti ya kwanza.